Nyoka wa Bi Lila

Mwezi uliopita tulikuwa Ansab, upande wa Maskati, kwenye msiba wa binamu yangu, na mwoshaji alipofungua kopo la kafuri nililazimika kutoka nje, uani. Wenzangu walidhani nimezidiwa na huzuni. Huzuni ilikuwapo, lakini siyo iliyonitoa. Kwa watu wengi wa kwetu kafuri ni harufu ya maiti. Kwangu mimi, kabla ya kuwa ya maiti, ilikuwa harufu ya chumba kimoja cha juu huko Matrah, mji wa bandari, nyumbani kwa Baniani, ambako kila asubuhi kipande cha kafuri kiliwashwa kwenye kisahani cha shaba mbele ya picha ya mtu wa buluu aliyelala juu ya nyoka. Nilisimama pale uani, magari ya waliokuja kuhani yamejipanga mpaka barabara kuu, na kwa muda kidogo nilikuwa tena mtoto wa miaka saba anayeogopa kukanyaga chini.

Nyinyi wa rika langu mlioingia huku mapema, kabla nchi haijafunguka, hamna haja ya kuelezwa Matrah ilivyokuwa. Hakukuwa na barabara ya pwani wala taa za umeme vichochoroni. Maji yalikuja mgongoni mwa punda. Joto la kiangazi lilikaa baina ya majabali na bahari kama mtu aliyefungiwa mlango. Hapo ndipo mama na mimi tuliposhuka kutoka melini na sanduku la nguo, tukapokewa na Shangazi Thuwaiba, dada yake baba kwa baba. Yeye alizaliwa Matrah na hakupata kutoka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa sababu marehemu mumewe alikaa Unguja miaka mingi. Alikuwa mjane, mkavu wa maneno, na alitupa chumba chake kizuri kuliko vyote bila ya kutuuliza tutakaa mpaka lini.

Baba hakuwa nasi. Siku walipokuja kumchukua alikuwa amevaa kikoi na fulana, na neno la mwisho alilomwambia mama ni kwamba aangalie moto wa jikoni, chai itafurika. Mimi niliambiwa atakuja na meli nyingine. Melini watu wazima walikaa chini wakisema maneno yaleyale, mpaka nikayajua kwa moyo: dunia imepinduka, Unguja imepinduka, kilichokuwa juu kimekwenda chini. Hata walipoyaita mambo yale kwa jina lake, mapinduzi, mimi nilisikia kitu kimoja tu, nacho ni kugeuka kwa chombo kikamwaga vilivyomo. Nilikuwa nimewahi kuona sinia ya wali ikipinduka. Nilielewa vizuri, au ndivyo nilivyodhani.

Kichochoro chetu kilikuwa chembamba hata madirisha ya nyumba mbili yaliweza kupeana chumvi. Siku moja, hatujamaliza mwezi, nilipanda juu ya ukingo wa dirisha nione punda wanapita, na mama akanifokea.

"Zuwena, teremka hapo. Utaanguka uniletee msiba mwengine."

"Na kweli ataanguka," sauti ikajibu kutoka dirisha la ng'ambo. "Mshike huyo."

Mama alinishika, lakini hakunitazama. Alikuwa akitazama lile dirisha. Kilikuwa Kiswahili cha mjini Unguja, kisicho na kasoro, na kilitoka kwa mwanamke wa Kihindi aliyevaa sari, amejaa dirisha zima, mikono imejaa bangili za kioo.

"Nani mwenzangu?" mama akauliza.

"Jirani yako. Mie mzaliwa wa Kiponda. Nimeolewa huku nikiwa msichana, na tangu hapo Kiswahili changu kimeshika kutu. Hebu sema tena chochote."

Mama aliniachia. Alikaa chini pale dirishani na kulia kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Yule mama wa ng'ambo akangoja, hakumharakisha, na alipoona amenyamaza akamwuliza kama siku hizi bado wanauza mkate wa ufuta pale karibu na kwao.

Huyo ndiye Bi Lila. Mumewe alikuwa na duka la ndimu kavu na tende, na duka lilikuwa chini, nyumba juu. Watoto wao walikuwa Bombay wanasoma. Kwa hivyo mimi nikawa mtoto wa nyumba ile, kwa sababu nilikuwa sina pengine pa kwenda. Watoto wa kichochoroni walisema Kiarabu nisichokielewa, wakaniita Mzanzibari kama vile ni jina la ugonjwa. Kwa Bi Lila nilisikilizwa. Nilipanda ngazi yake asubuhi baada ya chuo cha Kurani, nikakaa juu ya jamvi, pua yangu imejaa kafuri na ule uchachu wa ndimu uliopanda kutoka chini kupitia nyufa za sakafu. Yeye alichambua dengu kwenye ungo na kuniuliza khabari za Unguja ambazo mtoto hawezi kuzijua.

Ile picha ilikuwa ukutani, imevishwa shada la maua makavu. Mtu wa buluu amejilaza ubavu, mkono mmoja umeegemeza kichwa, na kitanda chake ni nyoka aliyejikunja mikunjo mingi juu ya bahari nyeupe. Vichwa vya nyoka vilikuwa vingi, vimesimama nyuma ya kichwa cha yule mtu, vyote vinatazama mbele kwa utulivu. Miguuni kakaa mwanamke mzuri aliyevaa dhahabu, anamkanda miguu.

"Huyu anaumwa?" nilimwuliza Bi Lila.

"Haumwi. Kapumzika."

"Juu ya nyoka?"

"Nyoka ndiye kitanda chake. Na vichwa vyake ni mwavuli wake."

Hilo sikuliona ajabu. Ijumaa baada ya chakula baba alikuwa akijilaza hivyohivyo, ubavu, na mama akimkanda miguu. Kilichozidi hapa ni nyoka tu.

Bi Lila akaendelea, macho yake yako kwenye dengu. Alisema nyoka huyo anaitwa Shesha, na jina lake jingine ni Ananta, yaani asiye na mwisho. Ana vichwa elfu, na ulimwengu wote, bahari na majabali na miji, umekaa juu ya vichwa hivyo.

"Na Unguja?"

"Na Unguja. Na Maskati. Kila mahali."

"Hachoki?"

Sasa kama angalikuwa hana dengu mbele yake, pengine angalifikiri kabla ya kujibu. "Wazee wa kwa mume wangu, huko kwao Kachi, wanasema akichoka huhamisha mzigo kutoka kichwa kimoja hadi kingine," akasema. "Ndipo ardhi inapotikisika na majumba yakaanguka." Akatoa kijiwe kwenye dengu, akakitupa nje ya dirisha.

Baada ya hapo ikaja siku yao ya kuwaheshimu nyoka. Nilimkuta Bi Lila hakuwasha jiko, wanakula vyakula vya baridi vilivyopikwa jana, na mbele ya picha kaweka kibakuli cha maziwa. Akaniambia siku ile hawachimbi ardhi hata kwa kijiti, nyoka asije akaumia.

Hapo mambo yote yakakaa mahali pake kichwani mwangu. Nilikuwa nimejiuliza kwa miezi ni nani aliyeipindua Unguja, na sasa nimepata jibu. Nyoka alichoka. Au mtu alimkanyaga vibaya, au alichimba siku isiyofaa, naye akatikisa kichwa kile kilichobeba Unguja, ikageuka kama ile sinia ya wali. Sisi tulimwagika tukafika huku. Baba kabakia kule, kwenye sehemu iliyoinama, kashikilia kitu asianguke. Kama nyoka atatikisika tena, baba ataachia.

Basi nikaanza kutembea polepole.

Sikufanya kwa mchezo, na sidhani kama kuna jambo nililolifanya kwa bidii zaidi maishani mwangu. Nilikanyaga kwa ncha za vidole kwanza, kisha nikashusha kisigino taratibu, kama mtu anayeweka yai. Sikukimbia. Sikuruka kizingiti, nilikaa juu yake nikashusha mguu mmoja mmoja. Watoto wenzangu walipocheza kuruka kamba nilijibanza ukutani nimekaza meno kila miguu yao inapogonga chini. Kilichonitesa zaidi ni Shangazi kutwanga kahawa. Alikuwa na kinu cha shaba, na kila alasiri alitwanga buni kwa nguvu zake zote, sauti ikafika mpaka mwisho wa mtaa. Nilikuwa nikiweka kanga iliyokunjwa chini ya kinu kabla hajaja. Yeye aliiondoa kila siku, akidhani ni mama kaisahau.

Wala sikumwambia mtu. Chuoni tulikwishafundishwa kwamba ardhi ni ya Mungu na Yeye ndiye atakayeitikisa siku ya mwisho, na nilijua bila ya kuambiwa kwamba mambo ya nyoka mwenye vichwa elfu hayatampendeza mwalimu, wala Shangazi. Wangenikataza kwenda kwa Bi Lila, na mimi nisingekuwa na mahali pa kusikia khabari zozote za nyoka yule, kama katulia au kachafuka.

Mtoto asiyekimbia huonekana haraka. Mama alidhani ni viatu, akanivua. Kisha akadhani ni mwiba. Alinipeleka hospitali ile ya wamishionari, na daktari akanigonga magoti kwa kinyundo, akanikunja na kunikunjua, akasema miguu yangu ni mizima na huenda ni dhiki ya safari. Tukarudi nyumbani. Kwa Shangazi haikuwa siri kwamba mtoto wa ndugu yake anapooza. Kila siku alinitazama nikivuka ua kwa mwendo wa kizee, na uso wake ukazidi kukaza. Mwisho akasema kuna dawa moja tu, nayo ndiyo waliyoitumia wazee. Chuma.

Kwa wasiojua, huku kwetu zamani, na nyumba nyengine hata leo, maradhi yasiyo na jina yalichomwa moto. Mama mtaalamu huja na kipande cha chuma, akakitia kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, akagusa mahali anapopajua yeye, kisigino au kitovu au utosi. Watu wazima wengi wa rika la Shangazi walikuwa na alama hizo. Yeye mwenyewe alikuwa nayo nyuma ya shingo, na alisema bila ya ile angekuwa amekufa kabla ya kuvunja ungo. Hakuwa akinitakia mabaya. Hili nataka lieleweke.

Mwenye chuma alikuja asubuhi ya Alkhamisi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwenye barakoa, na alinisalimia vizuri. Seredani ya makaa ikawekwa katikati ya chumba. Mama alisimama kwenye pembe, kajikumbatia, hasemi kitu, kwa sababu nyumba haikuwa yake na mtoto mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Shangazi kuliko wa kwake. Shangazi alinilaza kwenye mkeka kifudifudi na kunishika mabega. Nilikiona chuma kinavyobadilika rangi. Niliogopa sana, lakini sikulia, na ninajua kwa nini sikulia: nilidhani mateke yangu yatagonga sakafu.

Yule mama akainuka kuchukua chuma, na katika kuinuka akapiga hatua nzito, sakafu ikatoa mlio.

"Taratibu," nilimwambia. "Utamwamsha."

Hakuelewa Kiswahili. Mama alielewa.

"Nani?" mama akauliza kutoka pembeni. "Atamwamsha nani, Zuwena?"

"Nyoka."

"Nyoka gani?"

"Aliyebeba Unguja. Akitikisika, baba ataanguka."

Mama akaja akachutama mbele ya uso wangu. Aliniuliza kidogokidogo, na mimi nilijibu kidogokidogo, mpaka yote yakatoka: vichwa elfu, sinia ya wali, kanga chini ya kinu. Shangazi alikuwa akifuata kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na nilihisi mikono yake ikilegea mabegani mwangu, kisha ikakaza tena.

"Haya ni ya Baniani," akamwambia mama. "Mtoto wa ndugu yangu, mtoto wa Kiislamu, kajazwa masanamu ya Baniani. Ngazi ile hapandi tena. Na chuma apigwe, Moza. Hofu pia, dawa yake chuma."

Mama hakuwa mtu wa kubisha. Kwao Unguja alijulikana kwa kukubali. Lakini alisimama, akaniinua kutoka mkekani, akanitia nyuma yake.

"Chuma hakimgusi, wifi yangu," alisema. "Mtoto haumwi miguu. Mtoto anamngoja baba yake."

Akanishika mkono, tukatoka, tukavuka kichochoro, tukapanda ngazi ya Bi Lila. Nilitembea mwendo wangu uleule, na mama, kwa mara ya kwanza, akatembea nao pamoja nami, taratibu, ncha za vidole kisha kisigino.

Bi Lila alisikiliza khabari yote kutoka kwa mama huku amesimama. Ilipomalizika alikaa chini juu ya jamvi, kwa uzito, na mimi nikashtuka, akaona nilivyoshtuka. Nadhani hapo ndipo alipoamini.

"Nani alikwambia nyoka ndiye aliyeipindua Unguja?"

"Hakuna. Nilijua mwenyewe."

"Njoo hapa." Akanigeuza nitazame picha. "Tazama vizuri. Shesha ana mikono?"

Nilitazama. "Hana."

"Waliokuja kumchukua baba yako walikuwa na mikono?"

"Walikuwa nayo."

"Wameshika nini?"

Nikamwambia walichoshika. Mama akageuza uso.

"Basi yale ni ya watu," Bi Lila akasema. "Watu wamefanya, kwa mikono yao. Usimsingizie nyoka. Na mie nilikwambia anachoka, yale ni maneno ya wazee wa shamba wakiona nyumba imeanguka. Unajua jina lake maana yake nini? Shesha ni kilichobaki. Siku ulimwengu utakapokwisha, kila kitu kikaondoka, sisi tunaamini kitakachobaki ni yeye. Sasa huyo atatikiswa na wewe? Una uzito gani wewe, na chakula hutaki kula?"

Nilifikiri. Kwa mtoto hoja ile ilikuwa na nguvu, hasa hiyo ya mikono. Lakini lilikuwa limebaki swali moja, na sikumwuliza Bi Lila, nilimwuliza mama.

"Na baba je? Atakuja na meli ipi?"

Mama alikuwa na jibu lake la siku zote. Niliona likipanda mpaka mdomoni kisha likarudi.

"Sijui," akasema. "Sijui kama atakuja, Zuwena. Sijui yuko wapi wala yukoje. Walimchukua, na mimi sijasikia neno tangu siku ile. Ningelijua ningekwambia."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kuniambia hajui. Mtu angedhani nitaogopa zaidi. Sivyo. Nilikuwa nimebeba jambo lile peke yangu nikidhani wote wanajua mwisho wake isipokuwa mimi, na sasa nikaona tuko sawasawa.

"Kwa hivyo naweza kukanyaga?"

Mama alisogea katikati ya chumba. Alikunja buibui lake mkononi, akaruka. Mama yangu, mke wa mtu, ambaye tangu tufike alikuwa akipita kichochoroni kama kivuli, aliruka kwa miguu yote miwili na kutua juu ya sakafu ya boriti ya Bi Lila, kisahani cha shaba kikalia. Tukasikiliza. Hakukutokea kitu. Bi Lila akainuka, akakusanya sari yake, naye akaruka, na huyo alikuwa na uzito wake. Vumbi la chokaa likashuka chini dukani, tukamsikia mumewe akiuliza kwa Kikachi kuna nini huko juu. Bi Lila akamjibu kwa ukali maneno ambayo sikuyaelewa, kisha akanigeukia.

"Sasa wewe."

Niliruka. Kwanza kidogo, kisha zaidi. Niliruka mpaka nyayo zikawaka, na nikalia wakati huohuo, kilio chote cha kuanzia siku ya ile chai jikoni, na hao wawili wakaniacha niruke na nilie. Mume wa Bi Lila alikuja akasimama mlangoni, vumbi limemjaa kofiani, akatutazama mmoja mmoja, akarudi chini bila ya kuuliza tena.

Sitaki kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Shangazi hakutaja chuma tena, lakini neno lake kuhusu ngazi ile halikubadilika. Alisema aliachiwa amana, na Mungu atamwuliza kuhusu amana. Nilikasirika naye wakati ule. Leo nimekuwa shangazi wa watu na sina hasira. Mimi si mtu wa kuamini nyoka aliyebeba dunia, na Shangazi alikuwa na haki ya kunilindia imani yangu. Aliloshindwa kuliona ni kwamba Bi Lila hakuwa akijaribu kunipa imani yake. Alikuwa mwanamke mpweke aliyepata mtu wa kuzungumza naye lugha ya utotoni. Mama alitii ndani ya nyumba: hatukupanda ngazi. Lakini dirisha halikukatazwa, na wao wawili waliendelea kuzungumza kupitia kichochoro, kila mmoja na ungo wake. Mimi nilikimbia na watoto wa mtaani, nikajifunza Kiarabu chao, hata nikasahau kwamba niliwahi kutembea vile.

Ulipita muda, zaidi ya mwaka, nadhani. Alikuja mtu aliyetokea Unguja kwa njia ya Mombasa na Dubai, jamaa wa mbali wa baba, kakonda, hawezi kukaa penye watu wengi. Alikaa na Shangazi na mama barazani, mlango wazi, na hawakunitoa. Alisema alifungwa pamoja na baba. Alisema baba alipata homa gerezani, hakukuwa na dawa, akafa wiki za mwanzo kabisa. Wamemzika humohumo. Alisema baba alimtaja mama na alinitaja mimi.

Nilifanya hesabu kama mtoto anavyofanya, kwa matukio. Wiki za mwanzo tulikuwa hatujapanda meli. Kwa hivyo siku ile niliposikia khabari za nyoka, siku nilipoanza kushusha kisigino taratibu, na zile alasiri zote za kanga chini ya kinu, baba alikuwa amekwisha kuzikwa. Nilikuwa nimemshikilia mtu ambaye hayupo. Sikumwambia yeyote hesabu hiyo. Nilikaa nayo, na haikuniuma kama mtu anavyoweza kudhani. Niliona tu kwamba nilifanya nilichoweza kwa nilichokijua.

Wanawake wa mtaa walijaa nyumba ile kuja kuhani. Siku ya pili, saa za asubuhi, mazungumzo yakakatika ghafla, nikainua macho. Bi Lila alikuwa amesimama mlangoni, sari nyeupe, mikono haina bangili hata moja. Hakupata kuvuka kizingiti kile kabla ya siku hiyo. Wanawake wakamtazama Shangazi waone atafanyaje.

Shangazi alisogea, akaacha nafasi juu ya mkeka baina yake na mama. Bi Lila akaja akakaa hapo. Alimshika mama mkono, na mama akaweka kichwa begani mwake, na wale wengine taratibu wakarudi kwenye mazungumzo yao.

Kahawa ikapita na halua. Mmoja katika wageni akamnyooshea Bi Lila kikombe, na Shangazi akauzuia mkono ule kwa upole. Yeye alizaliwa Matrah, miongoni mwa Mabaniani, na alijua kile ambacho sisi wageni hatukukijua, kwamba watu wa nyumba ile hawali wala hawanywi kilichopikwa kwenye jiko la wengine. Aliinuka mwenyewe, magoti yake yakilia, akaenda ndani, akarudi na chungwa. Hakulimenya wala hakulikata. Alilifuta kwa ncha ya shela yake, akaliweka zima katika kiganja cha Bi Lila.

Bi Lila akalitazama lile chungwa, kisha akamtazama Shangazi. Akalimenya mwenyewe, akala kipande baada ya kipande mbele ya wanawake wote wa mtaa, na maganda akayakusanya kwenye pindo la sari yake.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Wageni wakaanza kujikusanya kwenda majumbani kwao, na Bi Lila naye akatia mkono chini ili ainuke. Shangazi alikuwa amekwishasimama kwenda kutawadha. Akamgeukia, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Wewe usiondoke. Mimi nasali, nakuja. Tunakaa."

Bi Lila akaurudisha mkono wake pajani. Hakuondoka.